Kangaga halitaki maji tu, linataka hewa yake

Wanaolinunua hulimwagilia kila siku, nalo hukauka. Jibu limo katika mvuke wa hewa inayolizunguka, iwe ni sebuleni Nairobi au kwenye mabonde ya Amani.

Kwenye vitalu vya maua vilivyopangana kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, au Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, kuna mmea ambao muuzaji mzoefu hauweki mbele. Huuweka nyuma, chini ya neti nyeusi, karibu na pipa la maji. Vikonyo vyake ni vyeusi, vyembamba, vinang'aa. Vijani vyake ni vyepesi kiasi cha kutikiswa na pumzi ya mtu anayeinama kuutazama. Wataalamu wa mimea huuita Adiantum. Hapa tuuite adianti. Ni mmoja katika jamii kubwa ya makangaga, mimea isiyotoa ua wala mbegu.

Mteja huupenda papo hapo, huulipia, huuweka mezani karibu na dirisha. Haichukui muda ncha za majani kugeuka kahawia, kisha jani zima hujikunja na kupukutika likiguswa. Akirudi kwa muuzaji, kauli ni ileile: nilikuwa namwagilia kila siku.

Wala hasemi uongo. Udongo ulikuwa na maji. Hewa ndiyo iliyokuwa kavu. Anayetaka kukaa na makangaga ya aina hii inambidi abadili swali. Asiulize amwagilie mara ngapi kwa wiki. Aulize hewa ya nyumba yake ikoje saa nane mchana.

Jani la seli moja

Tazama jani la mwembe. Ngozi yake ni nene, imepakwa nta, na upande wa chini kuna matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho, stomata, yanayofunguka na kufungwa. Jua likizidi, mti hufunga matundu na kusubiri jioni. Maji yaliyomo hayatoki ovyo.

Adianti nayo ina matundu hayo, lakini jani lake ni jembamba na akiba yake ya maji ni ndogo. Hewa ikiwa kavu, maji hutoka kwenye jani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, hata kama mizizi yenyewe imelowa. Hapo ndipo mwenye nyumba, akiona jani limenyauka, huongeza maji kwenye chungu. Mizizi hukosa hewa, huanza kuoza, na sasa mmea una matatizo mawili badala ya moja.

Kuna jamaa zake walio dhaifu zaidi. Familia ya Hymenophyllaceae, yenye spishi zaidi ya 400 duniani, ina makangaga ambayo majani yake, ukiacha mishipa, yana unene wa seli moja tu. Tuyaite makangaga utando. Hayana stomata, na nta yake ni haba mno. Maji huingia na kutoka kupitia uso mzima wa jani. Ukiliinua moja kuelekea kwenye mwanga, utakiona kivuli cha kidole chako upande wa pili.

Makangaga haya hayako mbali nasi. Hymenophyllum kuhnii, kwa mfano, hukua katika misitu ya milimani ya Afrika ya kitropiki, ikiwemo ya Tanzania, likiwa limejibanza kwenye mashina ya miti katikati ya kuvumwani. Watu wengi hupita karibu nalo wakidhani ni kuvumwani tu. Hewa ikiwa na ukungu, jani hunyooka, hujaa maji na kung'aa. Hewa ikikauka, hujikunja na kuwa jeusi. Baadhi ya spishi huweza kungoja hivyo mpaka mvua irudi, zikafunguka tena. Kuna zisizoweza kungoja muda mrefu, na hizo ukizikuta zikiwa hai mahali fulani, ujue hewa ya mahali hapo haijawahi kukauka vibaya kwa miaka mingi.

Saa nane mchana

Hewa ya joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa hushiba kwa takriban gramu 17 za mvuke. Katika nyuzi 30 inahitaji karibu gramu 30 ndipo ishibe. Ndiyo maana ile asilimia ya unyevu tunayoisikia katika taarifa za hali ya hewa hupanda na kushuka bila tone kuongezwa wala kupunguzwa.

Chukua asubuhi moja ya nyanda za juu, Nairobi au Arusha: nyuzi 15, unyevu asilimia 90, umande juu ya nyasi. Saa nane mchana joto limefika nyuzi 26. Mvuke uliomo hewani ni uleule wa asubuhi, lakini unyevu sasa haufiki asilimia 50. Adianti hustawi unyevu ukiwa asilimia 60 na kuendelea, kwa hiyo kila alasiri ya namna hiyo huikausha kidogo, na majeraha ya siku moja hujumlishwa na ya siku inayofuata. Kangaga utando, linalotaka asilimia 90 na zaidi, halifiki hata jioni.

Pwani hali ni nyingine. Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, hewa imejaa mvuke karibu mwaka mzima, na adianti ingepaswa kuwa na raha huko. Adui yake wa pwani ni kiyoyozi. Lile bomba linalodondosha maji nje ya ukuta linatoa mvuke uliokusanywa ndani ya chumba, tone kwa tone, usiku kucha. Chumba hubaki na ubaridi mtamu kwa binadamu na hewa iliyokamuliwa kwa mmea. Feni nayo, ingawa haiondoi mvuke, husukuma hewa juu ya majani bila kupumzika na kuyakausha kama upepo unavyokausha nguo kambani.

Lakini ukavu wa nchi si lazima uwe ukavu wa mmea. Adiantum capillus-veneris, spishi inayoota kuanzia Ulaya ya kusini hadi Afrika na Asia, hupatikana Oman, nchi yenye mvua haba. Huota kwenye kuta za mifereji ya falaj na kwenye miamba yenye kivuli inayochuruzika maji. Hatua chache kutoka hapo ni mawe makavu na jua. Kangaga halijali jumla ya mvua ya mwaka. Hewa inayolihusu ni ile ya sentimita chache kuzunguka majani yake. Hewa kidogo namna hiyo, mtu anaweza kuitengeneza.

Chupa ya daktari wa London

Wa kwanza kulionyesha hilo kwa ulimwengu alikuwa daktari aliyeitwa Nathaniel Bagshaw Ward, aliyeishi Wellclose Square, mashariki mwa London, karibu na bandari. Alitamani kuwa na ukuta wa mawe uliofunikwa na makangaga na kuvumwani. Moshi wa makaa ya mawe wa viwanda vya mtaa ule uliiua mimea yake kila alipojaribu.

Mwaka 1829 alifukia buu la nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa yenye kifuniko, akitaka kumwona mdudu akitoka. Badala yake aliona kitu kingine. Mchana mvuke ulipanda kutoka kwenye udongo, ukaganda juu ya kioo, ukashuka tena udongoni. Baadaye chipukizi za kangaga na za jani la nyasi zikajitokeza. Ward aliiweka chupa nje ya dirisha la chumba chake cha kusomea, na mimea ile miwili iliishi humo karibu miaka minne bila kumwagiliwa, mpaka kifuniko kilipoliwa na kutu na maji ya mvua yakaingia.

Mwaka 1833 alijaza makasha mawili ya kioo kwa makangaga, kuvumwani na nyasi, akayapeleka Sydney kwa meli. Safari ilichukua miezi kama sita, juu ya sitaha, na mimea ilifika hai. Makasha yakajazwa mimea ya Australia, yakarudi kupitia Cape Horn, kwenye theluji, kisha kwenye joto la ikweta, na mwaka 1834 yakafunguliwa London yakiwa na makangaga ambayo hayakuwahi kuonekana hai Uingereza. Mwaka 1842 Ward alichapisha kitabu kuhusu ugunduzi wake.

Matokeo yake yalikwenda mbali kuliko sebule za London. Mkusanyaji wa mimea Robert Fortune alitumia makasha hayo kuhamisha miche ya chai kutoka China kwenda India. Mwaka 1876, miche ya mpira iliyooteshwa bustani ya Kew kwa mbegu za Brazili ilisafirishwa kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, ndani ya makasha 38. Wajerumani nao waliyatumia kupeleka mimea ya biashara kwenye makoloni yao. Sehemu kubwa ya mashamba ya enzi za ukoloni ilisafiri ndani ya hewa ambayo Ward aliigundua kwa kutazama kangaga moja kwenye chupa.

Uingereza kwenyewe, baada ya kodi ya kioo kufutwa mwaka 1845, makasha yakawa ya kila sebule yenye uwezo, na homa ya kukusanya makangaga ikashika kiasi kwamba mwandishi Charles Kingsley aliitungia jina mwaka 1855. Waliolipia gharama ya homa hiyo ni makangaga yenyewe. Kangaga utando la Killarney, Ireland, Trichomanes speciosum, lilikuwa likining'inia kwenye miamba iliyo nyuma ya maporomoko ya maji. Wakusanyaji waliling'oa kwa magunia, wakaliuza, wanunuzi wakaliweka sebuleni bila hewa yake, likafa, wakanunua jingine. Leo linalindwa kwa sheria. Miaka ya mwisho ya 1980 watafiti waligundua kwamba katika mapango mengi yenye giza bado kuna nyuzi zake za kijani, hatua ya kwanza ya uhai wa kangaga, zinazoishi na kuzaana zenyewe bila kufikia kuwa mmea kamili wenye majani.

Kifuniko cha Usambara

Amani, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, ni mahali pazuri pa kuona kasha la Ward likiwa na ukubwa wa mlima. Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, kwenye mwinuko wa karibu mita 900. Pepo za Bahari ya Hindi hugonga milima, hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka ukungu na mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini mvua peke yake isingetosha. Kinachouzuia mvuke usitoroke saa nane mchana ni majani ya miti mirefu yaliyoshikana juu. Chini yake upepo ni mdogo, jua linafika kwa vipande, na unyevu haushuki ghafla.

Kata miti hiyo, na mvua itaendelea kunyesha kwa kipimo kilekile kwa muda. Makangaga utando hayatasubiri. Hutoweka mapema, kabla ya mimea yenye majani magumu kuonyesha dalili yoyote, kwa sababu kwao kifuniko kimeondolewa. Anayetembea kutoka kwenye shamba la chai la Amani na kuingia msituni anaweza kuihisi tofauti hiyo kwa ngozi ya uso wake ndani ya dakika moja.

Jambo hili linamgusa hata asiyejua kangaga ni nini. Maji ya bomba ya jiji la Tanga hutoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi, unaotiririka kutoka milima hiyohiyo. Dar es Salaam hunywa maji ya mto Ruvu, ambao chanzo chake kikubwa ni milima ya Uluguru, nako misitu ya ukungu ina makangaga yake. Mahali kangaga utando linapoishi, msitu bado unashika maji.

Usambara pia imetoa funzo lake kuhusu kuchukua mimea. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kwenye miamba yenye kivuli ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, akalipeleka kwao Ujerumani. Mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Leo vizazi vyake viko kwenye madirisha duniani kote, huku spishi kadhaa za porini, zinazoishi kwenye miamba ileile ya makangaga, zikiwa hatarini kutoweka kwa sababu ya kukatwa msitu unaozifunika. Kuwa na mimea milioni moja vyunguni hakukuulinda hata mmoja mlimani.

Kuitengeneza hewa nyumbani

Kwa msomaji wa kawaida, basi, ushauri ni huu: adianti ifugwe nyumbani, makangaga utando yatembelewe yalipo. Utando wa milimani ukiteremshwa pwani hufa kwa joto hata ndani ya kioo. Adianti ni jasiri zaidi. Ile inayouzwa sana, Adiantum raddianum, asili yake ni Amerika ya Kusini, na imezoea vyungu kwa vizazi vingi.

Anza na mahali. Bafu lenye dirisha hushinda sebule. Baraza iliyofunikwa, upande usiopigwa na jua la mchana wala upepo, ni nzuri zaidi. Mwanga uwe wa kutosha kusoma gazeti bila taa, lakini jua lenyewe lisiguse jani isipokuwa lile la asubuhi sana. Kama chumba kina kiyoyozi, usiihangaikie adianti humo labda iwe ndani ya kioo.

Wengi hununua bomba la kunyunyizia na kupuliza majani asubuhi na jioni. Unyevu hupanda kwa dakika chache, kisha hurudi ulipokuwa, na maji yanayobaki kwenye majani mahali pasipo na mzunguko wa hewa huleta madoa ya ukungu wa kuvu. Sinia la kokoto na maji chini ya chungu nalo husaidia kidogo tu. Kinachosaidia zaidi ni kupanga mimea pamoja, majani kwa majani, ili kila mmoja upumue mvuke kwa mwenzake. Njia nyingine ni ya chungu ndani ya chungu: chukua chungu kikubwa cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, weka ndani yake chungu kidogo chenye mmea, jaza mchanga katikati na uuloweshe. Maji hupenya kuta za chungu cha nje na kuwa mvuke. Kwa kanuni hiyohiyo mtungi huyapoza maji ya kunywa.

Udongo uwe mwepesi. Changanya mboji ya majani iliyochekechwa, nyuzi za makumbi ya nazi, mchanga mkubwa wa mto na vipande vidogo vya mkaa. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa, kwani huwa na chumvi. Mchanga wa ufukweni usiuguse kwa sababu hiyohiyo. Ukiwa na Adiantum capillus-veneris, ile ya kwenye falaj, ongeza kipande cha jiwe la chokaa, maana porini huota sana kwenye miamba ya namna hiyo.

Maji ya mvua ndiyo bora. Kinga baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza. Maji ya visima vya pwani, ambavyo vingi vina chumvi, huacha ukoko mweupe kwenye udongo na kuunguza ncha za majani. Mtu akiona ncha zimeungua ilhali unyevu upo, aanze kuyashuku maji. Mwagilia pale kidole kinapohisi udongo wa juu umeanza tu kupoteza ubaridi wake. Usiuache ukauke kabisa hata siku moja, na usiuache ukae ndani ya dimbwi. Mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi wakati mmea unachipua, inatosha.

Ukirudi kutoka safari ukakuta mmea umekauka wote, usiutupe. Kata majani yote karibu na udongo, uweke kivulini, udumishe unyevu. Shina lake hutambaa chini ya uso wa udongo, na likiwa bado hai litatoa vichipukizi vilivyojiviringa ndani ya wiki chache.

Kuna kosa jingine la kawaida ambalo huua makangaga yenye afya. Mtu huinua jani la kangaga, huona chini yake vidoti au mistari ya kahawia iliyopangwa sawasawa, hudhani ni wadudu, hupuliza dawa. Ile ni mifuko ya spora, uzazi wa mmea wenyewe. Kwenye adianti imefichwa chini ya ukingo wa jani uliokunjwa. Wadudu hawajipangi kwa nidhamu hiyo. Wakiwepo kweli, wale wenye magamba au wenye utandu mweupe, waondoe kwa pamba iliyoloweshwa maji, au kata jani lote. Dawa zenye mafuta huunguza majani haya laini kuliko wadudu wenyewe.

Anayeishi sehemu kavu, Dodoma au Nairobi ya Februari, arudi kwa Ward. Tangi la samaki lililopasuka na lisiloshika maji tena linafaa sana, hali kadhalika chupa kubwa ya mdomo mpana. Weka kokoto chini, udongo wenye unyevu juu yake, panda adianti ndogo, funika. Kisha soma kioo. Umande ukiganda asubuhi kwenye nusu ya kioo na kutoweka mchana, hewa iko sawa. Ukishinda umeganda kutwa, fungua kwa saa chache. Usipoonekana kabisa, ongeza kijiko au viwili vya maji. Kitu kimoja tu hakina msamaha: kasha lililofungwa, likipigwa na jua, hupika kilichomo. Kivuli ni sharti.

Vumbi la kahawia

Kwa karne nyingi watu walishindwa kujua makangaga huzaana vipi bila mbegu. Mwaka 1794 zilichapishwa London habari za John Lindsay, tabibu aliyekuwa Jamaika, aliyepanda lile vumbi la chini ya majani kwenye chungu na kulitazama likiota. Kazi yake inaweza kurudiwa leo na mtu yeyote mwenye bahasha na subira.

Kata jani ambalo mifuko yake imegeuka kahawia iliyoiva. Liweke ndani ya bahasha ya karatasi kwa siku chache. Vumbi litadondoka lenyewe. Mimina maji yanayochemka juu ya udongo wa makumbi ili kuua mbegu na kuvu, uache upoe, nyunyiza vumbi juu kidogo sana, kisha funika kwa kioo au nailoni safi na uweke kwenye kivuli chenye mwanga. Baada ya wiki kadhaa uso wa udongo utakuwa wa kijani. Ukitazama kwa lenzi utaona vijani vidogo bapa, kila kimoja na umbo la moyo. Hayo si makangaga bado. Ndani yake mna viungo vya kiume na vya kike, na mbegu za kiume lazima ziogelee kwenye tone la maji kulifikia yai. Bila utando wa maji hapo, hakuna kangaga. Nyunyiza kwa bomba la matone madogo. Safari hii kunyunyiza kuna maana. Miezi michache baadaye majani ya kweli huanza kuinuka, na mmea wa kujaza chungu huhitaji mwaka mmoja au zaidi.

Asiye na subira hiyo anaweza kugawa mmea mkubwa masika yanapoanza, kwa kukata shina linalotambaa katika vipande vyenye mizizi na machipukizi. Machi na Aprili ndiyo miezi ya kununua pia, kwa sababu mmea hupata wiki nyingi za hewa yenye unyevu za kuzoea nyumba mpya kabla ya kiangazi.

Unaponunua, utazame mmea chini. Ulioteshwa kitaluni una mizizi iliyojaa kiriba na udongo wa kuchanganywa. Uliong'olewa porini hufika na gome, kuvumwani na udongo mweusi wa msitu, mizizi imekatika, na mara nyingi haumalizi mwezi. Mwulize muuzaji ameupata wapi, na akikosa jibu, uache hapo ulipo. Vigogo vya makangaga mti ya jenasi ya Cyathea, vinavyouzwa mahali pengine kwa ajili ya kuoteshea maua, viko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini walio hatarini, na kuvivusha mpaka kunahitaji kibali. Jani moja lililoiva la adianti ya jirani lina spora za kutosha mtaa mzima, na miche itakayotokana nazo itakuwa imezaliwa katika hewa ya nyumba itakamokaa.